Kusoma Mimea Asilia ya Bonde la San Luis: Mwongozo Kamili wa Kuitambua na Kuirudisha

Bonde la San Luis, kusini mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, liko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu ya Sangre de Cristo upande wa mashariki na milima ya San Juan upande wa magharibi. Karibu na mji wa Alamosa, mvua na theluji ya mwaka mzima hufikia takribani milimita 180 tu, kiasi ambacho ni cha jangwa. Hata hivyo, mgeni anayefika mwezi wa Juni hukuta madimbwi yenye bata, malisho mabichi yaliyofurika na mierebi kando ya mito, na mwendo mfupi mbele hukuta ardhi nyeupe kwa magadi isiyoota hata unyasi mmoja. Sababu ya tofauti hiyo haiko angani. Maji yanayolisha bonde hili hutokana na theluji ya milimani, ambayo huyeyuka, hushuka kwa vijito, huzama kwenye changarawe za pembezoni na kukaribia tena uso wa ardhi katikati ya bonde. Kwa hiyo mwongozo huu unamtaka msomaji aanze na maji, afuate chumvi, na mimea aifikie mwisho. Anayeanza na picha za maua atayajua majina mengi bila kulielewa bonde lenyewe.

Hatua ya kwanza: Ifahamu njia ya maji

Chukua ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, uichunguze kabla hujawaza mmea wowote. Utaona kwamba mto Rio Grande huingia bondeni kutoka magharibi karibu na Del Norte, hupita Monte Vista na Alamosa, kisha hugeuka kusini kuelekea New Mexico. Eneo lililo kaskazini mwa mto huo halina mahali pa kutolea maji yake. Vijito kama Saguache Creek na San Luis Creek hushuka kutoka milimani na kuishia sehemu ya chini kabisa, ambako maji hutuama mpaka yakauke, na kila yanapokauka huacha chumvi. Ndiyo maana upande wa kaskazini una magadi mengi kuliko kingo za Rio Grande, ambazo huoshwa na mto.

Chini ya udongo kuna hifadhi mbili za maji zinazotenganishwa na tabaka za mfinyanzi, sehemu kubwa yake ikiwa ni mashapo ya ziwa la kale lililofunika bonde na kuvunja ukingo wake wa kusini zaidi ya miaka 400,000 iliyopita. Hifadhi ya juu ndiyo inayoihusu mimea. Tangu ukame mkali wa 2002, na kutokana na pampu zinazomwagilia viazi, shayiri na alfalfa, maji ya hifadhi hiyo yameshuka mahali pengi, hivyo ramani ya uoto iliyochorwa zamani isiaminiwe kabla ya kukaguliwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu vichaka vingi utakavyovikuta viliota wakati maji yalipokuwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Kichaka kikubwa kinaweza kusimama miaka mingi juu ya maji yaliyokwisha kuondoka, na asiyejua hilo ataandika kwamba maji yapo.

Tazama pia baridi itakapotuama. Usiku, hewa baridi ambayo ni nzito hushuka kutoka milimani na kukaa sakafuni mwa bonde, kiasi kwamba Alamosa hutajwa mara kwa mara miongoni mwa miji yenye baridi kali zaidi nchini Marekani ukiacha Alaska. Msimu usio na jalidi hudumu takribani siku 90 hadi 100 tu. Baridi hiyo, ikichanganyika na ukavu na chumvi, huifanya miti ikosekane chini na kuonekana juu kwenye miteremko.

Hatua ya pili: Chagua msimu na uombe ruhusa

Wapenzi wa ndege huja Machi, wakati maelfu ya korongo wanapotua katika malisho ya Monte Vista, lakini mwezi huo mimea mingi bado imelala. Kwa anayetafuta mimea, safari mbili ndizo zinazofaa: ya kwanza mwishoni mwa Juni, maji yanapokuwa juu na nyasi za baridi, yaani zinazokua kabla joto halijapanda, zimetoa masuke, ya pili mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, baada ya mvua za radi za Julai na Agosti, vichaka vinapochanua na mbegu kuanza kukomaa. Ukipata nafasi ya safari moja tu, chagua hiyo ya pili, kwa kuwa nyasi za joto, yaani zinazokua katikati ya kiangazi, na vichaka vya jamii ya alizeti haviwezi kutambulika kwa uhakika mapema.

Sehemu kubwa ya bonde ni mashamba ya watu binafsi, na ua wa seng'enge usio na kibao bado ni mpaka wa mtu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Great Sand Dunes na katika hifadhi za wanyamapori za Alamosa, Monte Vista na Baca, mimea haichumwi wala mbegu haikusanywi bila kibali. Piga picha na uandike. Kwa ardhi nyingine za umma, iulize ofisi inayozisimamia kabla hujatoa mkasi mfukoni. Beba maji mengi, kofia na nguo za mikono mirefu, na urudi kutoka sehemu za wazi kabla ya mawingu ya radi ya alasiri hayajakufikia.

Hatua ya tatu: Pima maji na chumvi kwa mikono yako

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: keekee ya mkono ya kutobolea udongo, chupa ya maji yaliyokenekwa, karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi au alkali), siki kidogo na, ukiweza kukipata, kipimo cha mkononi cha upitishaji wa umeme. Vitumie kwenye ardhi ambayo mwenyewe amekuruhusu kuichimba.

Toboa mpaka ufikie udongo unaong'aa kwa unyevu, kisha subiri maji yajikusanye na upime kina chake kutoka juu. Anayesimamia shamba afadhali aache bomba la plastiki lenye matundu ndani ya shimo, alifunike, na asome kina kila mwezi. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuyeyuka kwa theluji na umwagiliaji, kwa kawaida Mei na Juni, na kushuka kuelekea vuli. Mimea mingi ya malisho mabichi huishi kwa kufuata kupanda na kushuka huko, na ikikaa mwaka mzima katika kina kimoja cha maji, mingine hutoweka.

Kuhusu chumvi, zitenganishe hali mbili ambazo kwa macho hufanana. Ya kwanza ni udongo wenye chumvi nyingi za aina mbalimbali, ambao upitishaji wake wa umeme, ukipimwa kwa rojo la udongo lililoshiba maji, huzidi 4 dS/m (desisimensi kwa mita). Ya pili ni udongo uliotawaliwa na sodiamu, ambao pH yake mara nyingi huzidi 8.5. Chukua bonge dogo kavu, litumbukize taratibu katika maji yaliyokenekwa, uliache bila kulitikisa. Likizungukwa na wingu la maziwa linaloenea, sodiamu imeyatawanya mafinyanzi, na udongo wa namna hiyo hujifunga mvua inaponyesha ukazuia maji kupenya. Tone la siki likitoa povu huonyesha chokaa, jambo la kawaida bondeni ambalo halitoshi kukutia wasiwasi.

Hatua ya nne: Tembea kutoka pa chini kwenda pa juu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na haifai kuharakishwa. Anzia sehemu ya chini kabisa, na kila uoto unapobadilika, simama, toboa, pima, ndipo uandike majina.

Katikati ya mabwawa ya msimu kuna udongo mtupu mweupe. Kwenye kingo zake huota Salicornia rubra, mmea wa mwaka mmoja wenye mashina yaliyojaa maji na viungo kama vya vidole, ambao hugeuka mwekundu kuelekea vuli, pamoja na mimea ya jenasi Suaeda. Huko Blanca, kaskazini mashariki mwa Alamosa, vitwitwi hutaga mayai juu ya udongo wa namna hii bila kujenga kiota kinachoonekana. Kwa hiyo Mei na Juni kaa kandokando, usikatize katikati.

Ukipanda sentimita chache tu utakuta zulia la Distichlis spicata, nyasi fupi ngumu ambayo majani yake yamepangwa pande mbili za shina, yakielekea juu kwa pembe kali. Piga magoti asubuhi kavu na ulitazame jani moja kwa lenzi: utaona punje ndogo za chumvi zimekaa juu yake, ambazo mmea umezitoa nje kwa tezi zake. Ulambe, uonje. Nyasi hii huenea kwa mashina ya chini ya ardhi yenye ncha kali, na ndiyo mlinzi mkuu wa udongo wa magadi dhidi ya upepo. Sehemu zenye chumvi pungufu kidogo huchukuliwa na Sporobolus airoides, nyasi ya mashungi makubwa yenye masuke mepesi kama ukungu.

Pale maji matamu zaidi yanapofika juu kila mwaka, utaingia katika malisho mabichi ya Juncus balticus, mmea usio na majani ya kuonekana, wenye mashina ya kijani ya mviringo na kishada cha maua kinachotokeza ubavuni mwa shina. Mashimo yenye maji ya kudumu yana Eleocharis palustris, mafunjo marefu na Typha. Sehemu nyingi za malisho haya hulishwa na mifereji ya wakulima pamoja na mito. Katika kaunti ya Costilla mfereji wa San Luis People's Ditch umekuwa na haki ya maji tangu 1852, haki ya kale kuliko zote za Colorado zinazoendelea kutumika. Mtu anayependa ardhi oevu za bonde hili asiwaone wamwagiliaji kuwa ni maadui. Wanaoendelea kufurika malisho kwa njia ya zamani wanailisha mimea na ndege kwa pamoja.

Mpakani, pale malisho mabichi yanapokutana na vichaka vya magadi, punguza mwendo kabisa. Hapo huota Cleome multicaulis, mmea mwembamba wa mwaka mmoja wenye majani ya vipande vitatu vyembamba na maua madogo ya zambarau iliyopauka, uchanuao kuanzia mwishoni mwa Juni. Ni mmea adimu duniani, na bonde hili ndilo ngome yake kuu. Unahitaji udongo wa magadi ulio na unyevu, usiofurika muda mrefu wala kukauka mapema, na kwa kuwa huanza upya kutoka kwenye mbegu kila mwaka, idadi yake hupanda na kushuka sana. Ukikosa kuuona mwaka mmoja, usiandike kwamba haupo. Rudi mwaka wa mvua nzuri. Kwa maoni yangu, hakuna mmea mwingine unaoieleza hali ya maji ya bonde kwa usahihi kama huu.

Baada ya hapo huanza nchi pana ya vichaka, na hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu vyote huonekana vya kijivu kutoka mbali. Sarcobatus vermiculatus, ambao wakaaji wengi wa bonde huuita chico, una majani mabichi yaliyonona, membamba, na matawi meupe yanayoishia kwa miiba. Mizizi yake hushuka mita kadhaa kuyafuata maji. Majani yake yamejaa sodiamu, na yanapoanguka huongeza chumvi kwenye udongo ulio chini yake. Ericameria nauseosa, yaani chamisa, hauna miiba; kwaruza tawi lake kwa ukucha na utaona utando mwembamba wa nywele ukitoka, pamoja na harufu kali. Hujaa maua ya manjano kuanzia mwishoni mwa Agosti. Atriplex canescens una majani bapa kama yaliyonyunyiziwa unga, na mti wa kike hubeba matunda yenye mabawa manne. Krascheninnikovia lanata ni mfupi, umefunikwa na nywele nyeupe laini, na kingo za majani yake zimejikunja. Chico hukuambia kwamba maji yapo, au yalikuwapo, ndani ya kimo cha mizizi yake. Krascheninnikovia hukuambia kwamba uko kwenye udongo mkavu zaidi unaotegemea mvua.

Upande wa mashariki, chini ya Sangre de Cristo, pepo za kusini magharibi zimerundika mchanga wa bonde, na pepo za dhoruba kutoka milimani huusukuma kurudi, ndiyo sababu matuta hukua kwenda juu. Tuta refu zaidi hukaribia mita 225, na hakuna linalolizidi katika Amerika Kaskazini. Kabla ya matuta kuna uwanda wa mchanga uliotulia, wenye nyasi za Bouteloua gracilis, Hesperostipa comata na Eriocoma hymenoides, pamoja na chamisa na yuka. Juu ya matuta yenyewe, ambako uso wa mchanga huweza kufikia nyuzi 65 za Selisiasi wakati wa kiangazi ilhali mchanga wa chini kidogo bado una unyevu, hustahimili mimea michache tu: nyasi ya Redfieldia flexuosa, Psoralidium lanceolatum wenye matunda ya manyoya, na alizeti ya mwituni Helianthus petiolaris ichanuayo Agosti. Mbawakawa Cicindela theatina hapatikani popote duniani nje ya mchanga huu na ardhi inayouzunguka.

Kingo za mito zina mti wa Populus angustifolia wenye majani membamba na mwerebi Salix exigua. Vichaka vya mierebi vilivyosongamana kando ya Rio Grande ni makazi ya ndege mdogo Empidonax traillii extimus, aliyewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka nchini Marekani mwaka 1995. Mbegu za Populus huishi muda mfupi na huhitaji tope tupu lenye unyevu linaloachwa na mafuriko ya mapema kiangazi. Ukiona miti mizee mitupu bila michanga, tafuta kilichoyazuia mafuriko.

Miteremko ya juu ya sakafu ya bonde ina misonobari mifupi ya Pinus edulis na mireteni. Juu zaidi husimama Pinus ponderosa, na baadhi ya mizee iliyo karibu na matuta ina makovu mapana pale Wayute, watu wa asili wa eneo hili, walipobandua magome ili kupata tabaka la ndani kwa chakula na dawa. Usiyaguse makovu hayo.

Hatua ya tano: Andika kwa namna itakayomfaa mwingine

Kwa kila kituo andika tarehe, mahali kwa GPS, kina cha maji, pH, namna bonge lilivyofanya ndani ya maji, mimea mitatu iliyotawala, na mimea migeni. Piga picha ya mmea mzima, ya jani kwa karibu, ya ua au tunda, na ya ardhi kuelekea kaskazini ili mwingine aweze kusimama palepale. Magugu vamizi ya kuangaliwa zaidi ni Lepidium latifolium kwenye malisho mabichi, Rhaponticum repens kwenye mashamba na kando ya barabara, na Bassia scoparia pamoja na Salsola tragus kwenye mashamba yaliyoachwa.

Hatua ya sita: Kurudisha mimea kwenye ardhi iliyoachwa

Mashamba mengi yamesimamishwa kulimwa ili kuokoa maji, na ardhi iliyo tupu huanza kupeperuka katika upepo wa majira ya kuchipua. Usipande kitu kabla ya kumaliza hatua ya tatu, kwa kuwa kosa kubwa katika kazi hii ni kupanda mchanganyiko mmoja wa mbegu shamba zima. Soma pia ardhi ya jirani ambayo haikuwahi kulimwa, kwenye mwinuko na udongo uleule. Hiyo ndiyo orodha yako.

Nunua au kusanya, kwa ruhusa, mbegu zilizotoka bondeni au mahali penye mwinuko na baridi inayofanana. Mbegu za aina ileile zilizotoka nchi ya chini yenye joto huota vizuri na kufa majira ya baridi. Ukikusanya, chukua sehemu ndogo kutoka kwenye mimea mingi badala ya kuumaliza mmea mmoja, zikaushe kwenye mifuko ya karatasi, na uzihifadhi mahali pakavu penye ubaridi. Mbegu za Krascheninnikovia hupoteza uhai upesi, kwa hiyo zipande msimu uleule.

Vina vya kupandia vinatofautiana sana. Eriocoma, yenye ganda gumu linalohitaji baridi ya majira mazima, hupandwa Novemba kabla ardhi haijaganda, kina cha sentimita 3 hadi 7 katika mchanga. Bouteloua hupandwa karibu sentimita 1, udongo ukishapata joto, ili mvua za Julai ziikute. Sporobolus ina mbegu ndogo mno. Ifunike kidogo tu na uweke uso wa udongo katika unyevu mpaka iote. Chamisa na Krascheninnikovia hutandazwa juu na kukandamizwa. Distichlis huenea kwa urahisi zaidi ukipanda vipande vya mashina yake ya chini. Mierebi na Populus hukatwa ingali imelala, mwishoni mwa majira ya baridi, na fimbo husukumwa ardhini mpaka ncha yake iguse maji uliyoyapima. Fimbo isiyoyafikia maji haitaona vuli.

Tandaza majani makavu yasiyo na mbegu za magugu na uyakandamize kwenye udongo ili upepo usiyachukue. Pale panapoingia paa na sungura, zungushia wavu miche ya vichaka. Ikiwa bado una haki ya maji, mwagilia mwaka wa kwanza na, ukiweza, wa pili, ukipunguza kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza shamba litajaa Bassia na Salsola. Yafyeke kabla hayajatoa mbegu bila kulima upya, maana jembe litang'oa miche midogo ya nyasi ambayo kwa wakati huo haionekani kirahisi. Mwaka wa tatu ndio wa kuhesabu. Tupa fremu ya mita moja kwa mita moja mahali mbalimbali, hesabu mashungi ya nyasi asilia ndani yake, na mahali palipobaki patupu rudi na keekee na karatasi za pH kabla ya kununua mbegu nyingine.